Luigi Galvani: Daktari Mlei Aliyegundua Umeme wa Mwili



Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Lagangabilili, wilayani Itilima, nikamkuta mjomba wangu anaburuta mguu wa kushoto. Kiharusi kilikuwa kimempata miezi mitano kabla, akiwa shambani anapalilia pamba. Maneno yalikuwa yamerudi karibu yote na mkono ulikuwa umeanza kushika kikombe, lakini wayo ulining'inia. Kila alipopiga hatua, ncha ya kandambili ilikwaruza ardhi, na watu waliokuwa kisimani walijua anakuja kabla hawajamwona.

Nilimsindikiza hospitalini kwenye mazoezi ya viungo. Mtaalamu wa fiziotherapia akambandika ngozini vipande viwili laini vyenye waya, kimoja chini kidogo ya goti upande wa nje, kingine mbele ya mundi, halafu akazungusha kitufe cha kisanduku kidogo cha betri. Wayo ukanyanyuka. Ukashuka, ukanyanyuka tena. Mjomba alishtuka, akacheka kwa sauti, kisha njia nzima ya kurudi hakusema neno. Jioni akaniuliza swali moja, kwa kuwa mimi ndiye frateri wa ukoo na ninasoma falsafa: ni nani aliyeuinua ule mguu? Yeye hakuwa ameuinua. Mtaalamu hakuugusa.

Sikuwa na jibu. Jirani mmoja alikuwa nalo tayari, kwamba kitu kinachoingia mwilini kwa waya na kumchezesha mtu viungo vyake bila ridhaa yake hakitoki kwa Mungu. Mjomba hakumpinga. Wiki iliyofuata alisema nauli haipo, na sote tulijua nauli ipo. Mkewe akaniomba nizungumze naye kabla sijarudi seminarini, nami nikazungumza vibaya, kwa maneno ya darasani, na hakwenda.

Niliporudi nikaanza kusoma, na kusoma huko kukanifikisha kwa mtu ambaye mabati ya nyumba zetu yana jina lake. Mabati yaliyopakwa zinki ili yasishike kutu huitwa kwa Kiingereza kwa neno lililotokana na ukoo wa Galvani, ingawa mwenyewe hakuwahi kupaka bati lolote. Kazi yake ilikuwa na miguu ya vyura.

Luigi Galvani alizaliwa Bologna tarehe 9 Septemba 1737. Wakati huo hapakuwa na taifa liitwalo Italia, na mji wa Bologna ulikuwa chini ya Dola ya Kipapa. Baba yake, Domenico, alikuwa sonara. Mama yake aliitwa Barbara Foschi. Akiwa kijana alihudhuria sala na mafundisho kwa mapadre wa Oratori ya Mtakatifu Filipo Neri, na alitamani kuingia utawani. Familia haikukubali. Ikamshawishi asome kwanza, akasoma, na utawani hakuingia. Sisi tulio seminarini tumezoea maisha ya watakatifu ambamo kijana anashinda upinzani wa wazazi wake. Humu wazazi walishinda, na sioni kwamba Mungu alipata hasara.

Mwaka 1759 alipata shahada ya udaktari na ya falsafa pamoja. Wenzangu wa mwaka wa pili wanaolalamika kwamba falsafa haina kazi duniani watanisamehe kwa kuirudia hiyo: udaktari na falsafa, pamoja. Katika chuo kile mtu hakuhesabiwa kuwa amesoma mwili kama hakusoma pia maana ya mwendo, sababu na uhai.

Mji wenyewe ulikuwa mahali pazuri pa kusomea. Askofu Mkuu wa Bologna, Prospero Lambertini, alichaguliwa kuwa Papa mwaka 1740 akajiita Benedikto XIV, na hakuusahau mji wake. Aliisaidia Taasisi ya Sayansi ya Bologna kwa vitabu, vifaa na fedha, akawalipa mafundi watengeneze kwa nta sanamu za mwili wa binadamu, misuli na mifupa, ili wanafunzi wajifunze anatomia bila kungoja maiti. Laura Bassi, mwanamke, alifundisha fizikia humo. Anna Morandi, mwanamke mwingine, alitengeneza sanamu za nta za macho, masikio na tumbo la uzazi, na Galvani mwenyewe alitoa hotuba ya kusifu kazi zake mwaka 1777. Anayedhani Kanisa la karne ile lilikuwa limefunga dirisha kwa sayansi atatakiwa aeleze Bologna.

Alimwoa Lucia Galeazzi, binti wa mwalimu wake wa anatomia. Hawakujaliwa mtoto. Lucia hakuwa mke wa kukaa nje ya mlango wa maabara. Alishiriki majaribio na kumsahihishia maandishi. Galvani alifundisha anatomia, akapasua wagonjwa, na mwaka 1782 akawa mwalimu wa ukunga. Waliomfahamu waliandika kwamba maskini aliwatibu bila malipo. Alikuwa pia mwanachama wa Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko, yaani alibaki mlei mwenye mke na kazi, akaishi kwa roho ya Kifransisko.

Sasa niwaeleze juu ya vyura, maana hapo ndipo mambo yalipo.

Kwa karne nyingi wasomi walifundisha kwamba ubongo unatuma kitu chepesi sana kupitia mishipa ya fahamu, na kitu hicho kikifika kwenye msuli kinausogeza. Descartes, ambaye sisi tunamsoma kwa sababu nyingine, aliifikiria mishipa ya fahamu kama mabomba membamba ambamo kitu hicho hupita. Hakuna aliyekuwa amekiona. Wakati huohuo umeme ulikuwa mchezo wa matajiri na kitendawili cha wanafizikia. Ulizalishwa kwa mashine ya kusugua kioo, ukatunzwa katika chupa iliyofunikwa karatasi ya chuma ndani na nje, chupa ya Leiden, na ukiigusa unapata mshtuko. Madaktari walikwisha kuujaribu kwa waliopooza. Benjamin Franklin wa Marekani aliwapitishia umeme wagonjwa kadhaa wa kupooza, akaona nafuu kidogo ya siku chache, kisha wakarudi walivyokuwa. Wote hao waliuona umeme kama mjeledi: nguvu ya nje inayopiga kiungo kilicholala.

Januari 1781, katika chumba cha majaribio cha Galvani, miguu ya nyuma ya chura aliyepasuliwa ililazwa mezani, mishipa yake ya fahamu ikiwa wazi. Mbali kidogo, juu ya meza hiyohiyo, palikuwa na mashine ya umeme. Hakuna waya uliounganisha vitu hivyo viwili. Msaidizi mmoja akaugusa mshipa wa fahamu kwa ncha ya kisu cha upasuaji, na miguu ikajikunja ghafla kana kwamba chura yu hai. Mwingine aliyekuwapo akadhani kwamba jambo lile lilitokea palepale mashine ilipotoa cheche. Galvani akarudia. Kisu bila cheche, kimya. Cheche bila kuugusa mshipa, kimya. Vyote viwili pamoja, miguu inaruka.

Mtu mwingine angeandika kitabu mwezi uleule. Galvani alikaa miaka kumi. Nampenda kwa hilo, ingawa kuna mahali baadaye ambapo taratibu yake ilimgharimu. Alibadilisha kisu, akabadilisha umbali, akajaribu wanyama wengine. Mwaka 1786 akafunga waya kutoka juu ya nyumba, akangoja mvua ya radi, na umeme ulipopiga mawinguni miguu ya vyura ilicheza. Watu wa kwetu wanaijua radi ya Simiyu na watanielewa nikisema kwamba alikuwa na ujasiri au alikuwa hajali.

Halafu ikaja siku isiyo na wingu. Septemba mwaka uleule alikuwa ametundika vyura kwa kulabu za shaba kwenye uzio wa chuma wa nyumba yake, akingoja kuona kama anga tulivu nayo ina umeme wa kutosha. Hakikutokea kitu. Kwa kuchoka kungoja akaanza kuzisukuma zile kulabu zigusane na chuma, na miguu ikaruka. Hapakuwa na radi wala mashine. Akaingia ndani ya chumba kilichofungwa, akamlaza chura juu ya bamba la chuma, akaigusisha kulabu, na miguu ikaruka tena.

Akauliza kama mtu wa falsafa anavyopaswa kuuliza: ikiwa nguvu haikutoka angani wala haikutoka kwenye mashine, imetoka wapi? Jibu lake lilikuwa kwamba imetoka kwa chura. Mwili wenyewe una umeme. Ubongo unauandaa, mishipa ya fahamu inaupitisha, na misuli inautunza kama chupa ndogo za Leiden, upande mmoja na mwingine wa kila uzi wa nyama. Metali inafungua njia tu. Kile kitu chepesi ambacho wasomi walikiita kwa majina mengi bila kukiona, kilikuwa hiki.

Lucia hakuyaona yaliyofuata. Alikuwa amekwisha kufariki kitabu kilipotoka mwaka 1791, kwa Kilatini, kikieleza nguvu za umeme katika mwendo wa misuli. Ulaya nzima ikaanza kuwinda vyura, na bila shaka vyura waliumia kuliko walivyostahili.

Mmoja wa waliorudia majaribio yale alikuwa Alessandro Volta, profesa wa fizikia wa Pavia, Mkatoliki kama Galvani na mtu mwerevu kupita kawaida. Mwanzoni alikubali. Kisha akatambua jambo ambalo Galvani alilipita haraka: miguu iliruka vizuri zaidi metali zilipokuwa za aina mbili. Shaba na chuma. Fedha na zinki. Volta akasema basi umeme unatoka kwenye metali mbili zinapogusana, na chura ni kipimo tu, kama shikio la mizani. Ndani ya nyama hakuna kitu.

Hapa nilisimama kwa muda mrefu nilipokuwa nasoma, maana niliona kwamba ugomvi wao ndio swali la mjomba. Nguvu iliyouinua mguu ilitoka kwenye kisanduku, au ilikuwa ndani ya mguu?

Galvani alijibu kwa namna ambayo mimi naiona nzuri kuliko ugunduzi wenyewe. Aliondoa metali. Mwaka 1794 ilichapishwa kazi isiyo na jina la mwandishi, ambayo ilifahamika kuwa yake, ikieleza kwamba mshipa wa fahamu wa chura uliokatwa ukiangushwa moja kwa moja juu ya msuli wake, msuli unajikunja. Hakuna shaba, hakuna chuma, ni nyama kwa nyama. Mwaka 1797 aliendelea zaidi, akagusisha mshipa wa mguu mmoja wa chura na mshipa wa mguu mwingine, na misuli ikajikunja. Kati ya hapo, mwaka 1795, akiwa na umri wa karibu miaka 58, alisafiri hadi pwani ya Adriatiki kuwachunguza taa wa umeme, samaki ambao humpiga mvuvi ganzi, kwa sababu kwa samaki huyo hakuna anayeweza kubisha kwamba umeme umo ndani ya mnyama.

Nasema pia alipokosea. Kuchapisha bila jina, na kumwachia mpwa wake Giovanni Aldini apigane vita hadharani, kulimpa Volta uwanja. Mwenye ukweli nusu anayesema kwa sauti humshinda mwenye ukweli nusu anayenong'ona. Nao kila mmoja alikuwa na nusu. Metali mbili kweli hutoa umeme, na kutokana na ugomvi huu Volta alitengeneza betri ya kwanza duniani, akaitangaza mwaka 1800. Na seli za mwili kweli hutunza umeme. Ndani ya seli ya mshipa wa fahamu iliyotulia pana tofauti ya umeme na nje yake, kama milivolti 70, sehemu ndogo sana ya betri ya tochi. Mshipa unapopeleka habari, tofauti hiyo hugeuka na wimbi lake hukimbia hadi kwenye msuli. Hodgkin na Huxley wa Uingereza walilieleza hilo kwa hesabu kamili mwaka 1952, wakitumia mshipa mnene wa ngisi, na wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1963. Zile chupa ndogo za Galvani zilikuwapo. Alikosea ukubwa wake na kilichomo, hakukosea kwamba zipo.

Kwa hiyo pale chini ya goti la mjomba walikutana wote wawili. Kisanduku kilikuwa cha Volta. Mshipa uliokiitikia ulikuwa wa Galvani.

Lakini maisha yake hayakuishia maabara. Mwaka 1796 majeshi ya Ufaransa chini ya Napoleon yaliingia Bologna. Mwaka uliofuata ikaundwa Jamhuri ya Sisalpina, na mwaka 1798 walimu wa chuo kikuu na watumishi wote wa umma wakatakiwa kuapa utii kwa serikali hiyo. Galvani alikisoma kile kiapo akaona kina mambo yanayopingana na imani yake. Akakataa.

Alikuwa na miaka 60, mjane, afya imeshuka. Alikuwa amefundisha karibu maisha yake yote. Angeweza kutamka maneno yale huku moyoni akisema mengine, na nina hakika wapo waliomshauri hivyo, kwa sababu washauri wa namna hiyo hawajakosekana katika karne yoyote. Katika ukoo wake mwenyewe kulikuwa na mfano mwingine: Antonio, ndugu yake Aldini, alipanda kuwa mtu mkubwa katika serikali za Napoleon. Galvani alipoteza kazi zote, chuoni na kwenye Taasisi, na mshahara pamoja nazo, akaenda kuishi kwa kaka yake.

Hakukataa peke yake. Clotilde Tambroni, aliyefundisha Kigiriki, alikataa na akafukuzwa. Padre Giuseppe Mezzofanti, aliyefundisha Kiarabu, alikataa na akafukuzwa. Baadaye huyo alikuwa Kardinali na akajulikana ulimwenguni kwa wingi wa lugha alizozijua. Mwaka ule wa kiapo Mezzofanti alikuwa na miaka 23. Mimi nina 25. Nilipolihesabu hilo nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo.

Sipendi kumfanya Galvani shahidi wa damu. Hakuna aliyemtishia upanga. Alichoombwa ni sentensi moja, na alichopoteza ni mshahara. Kwa jinsi ninavyotujua sisi wanadamu, mtihani wa namna hiyo ni mgumu kwa njia yake, kwa kuwa hauna utukufu wowote: unabaki bila kazi na watu wanakuona mkaidi. Baadaye serikali ilitambua aibu ya kumfukuza mtu anayejulikana Ulaya nzima, ikaamua arudishiwe heshima yake bila kuapa. Uamuzi ulichelewa. Alifariki tarehe 4 Desemba 1798, akazikwa amevaa kanzu ya Kifransisko, karibu na Lucia, katika kanisa la Corpus Domini la watawa Waklara mjini Bologna.

Betri ya Volta ilitangazwa kama mwaka mmoja na robo baada ya mazishi hayo, na kwa muda mrefu ilionekana kwamba Galvani alikuwa ameshindwa. Mpwa wake alizunguka Ulaya akionyesha umeme ukichezesha maiti za watu waliouawa kwa hukumu ya kifo, kule London mwaka 1803 hata mbele ya madaktari, na watu wakaanza kuhofia kama jirani yetu anavyohofia. Sidhani Galvani angeyapenda maonyesho yale.

Kazi iliyo karibu zaidi na roho yake ilifanywa Ufaransa na daktari Guillaume Duchenne wa Boulogne. Katikati ya karne ya 19 Duchenne aligundua kwamba mtu hahitaji kukatwa: ukiweka juu ya ngozi vipande viwili vilivyoloweshwa maji, mahali panapofaa, unaweza kuuamsha msuli mmoja bila kuwagusa jirani zake. Alitembea na kisanduku chake katika hospitali za Paris, akapima msuli kwa msuli ni upi bado hai na upi umekufa, na mwaka 1855 akachapisha kitabu juu ya njia hiyo. Vile vipande alivyobandikwa mjomba ni wajukuu wa vipande vya Duchenne.

Hatua iliyobaki ilikuwa kumwachia mgonjwa mwenyewe usukani. Mwaka 1961, nchini Marekani, daktari Wladimir Liberson na wenzake walieleza kifaa cha wagonjwa wa kiharusi ambao wayo wao unaning'inia, ugonjwa uleule wa mjomba. Waliweka swichi ndani ya kiatu, chini ya kisigino. Mgonjwa akianza kupiga hatua kisigino kinaachana na ardhi, swichi inahisi, kisanduku kinapeleka umeme kwenye mshipa wa fahamu ulio chini ya goti upande wa nje, wayo unanyanyuka na haukwaruzi. Kisigino kikikanyaga, umeme unakatika. Siku hizi badala ya swichi kuna vihisio vinavyopima mwinamo wa mguu. Viko pia vihisio vinavyobandikwa juu ya msuli kusikiliza umeme wa Galvani wenyewe. Mgonjwa anajaribu kuunyanyua wayo. Jaribio lake ni dogo kiasi kwamba jicho halioni kitu, lakini ngozini kihisio kinasikia, na ndipo mashine inaongeza nguvu. Asipojaribu, mashine inakaa kimya.

Ziwa Victoria lina samaki anayefanya jambo la kufanana na hili tangu uumbaji. Domodomo, yule mwenye mdomo mrefu anayeuzwa sokoni, hutoa umeme dhaifu sana usioweza kumuumiza mtu, na ngozi yake husikia jinsi umeme huo unavyorudi, akajua gizani kilicho mbele yake. Anatoa, anasikiliza, anageuka. Nimekula domodomo utoto wangu wote bila kuambiwa hilo.

Sasa swali la mjomba. Katika mapokeo tunayofundishwa, kutoka kwa Aristotle hadi Mtakatifu Thoma, roho haikai mwilini kama dereva ndani ya lori. Ndiyo inayoufanya mwili huu uwe mwili hai wa mtu huyu. Kwa hiyo sioni hofu ya kusema kwamba mwendo wangu hupita kwa umeme, kama vile sala yangu ya sauti hupita kwa hewa. Galvani, aliyesali kila siku na kupasua vyura kila siku, hakuona hofu hiyo. Siku ile ya kwanza hospitalini mguu uliinuliwa, na mjomba alisema kweli kwamba si yeye aliyeuinua. Lakini uliinuka kwa sababu mshipa wake kutoka goti hadi wayo ni mzima. Kilichoumia ni ubongo, ambako amri hutoka. Mshipa ungekuwa umekufa, kisanduku kile kisingepata wa kumwitikia.

Nilimpigia simu Jumapili moja nikamweleza hayo, safari hii bila maneno ya darasani. Nilianza na kulabu za shaba kwenye uzio wa chuma, nikaenda hadi kwenye kiapo. Kiapo ndicho kilichomgusa. Aliniambia nirudie sehemu ya mshahara. Kuhusu jirani hakusema lolote. Wiki ile alipanda gari kwenda hospitalini, na ameendelea. Kifaa chenye kihisio hawanacho pale, ila mtaalamu, nilipomuuliza, alisema kuna njia ya maskini: anamwambia mjomba ajaribu kuunyanyua wayo kwa nguvu zake zote, anamtazama usoni, na anapoona amejaribu ndipo anabonyeza kitufe. Mtaalamu mwenyewe ndiye kihisio. Mjomba bado anaburuta mguu akichoka. Asubuhi, anasema mkewe, kandambili haisikiki.

Mvua za kwanza ziliponyesha Lagangabilili na vyura wakaanza kelele zao bwawani, alinipigia yeye, kuuliza jambo lililokuwa likimsumbua: yule mzungu, baada ya kazi, aliwala? Nikamwambia ipo hadithi ya zamani kwamba vyura wale walikuwa wa supu ya Lucia alipougua, lakini madaftari ya maabara yanaonyesha walikuwa wa kazi tangu mwanzo. Akasema afadhali.